Kibao cha Lifti na Fomu ya Uongozi



Miaka michache iliyopita shule ya msingi ya mtaani kwetu hapa Uingereza ilitangaza kwamba inatafuta wajumbe wa bodi. Kazi yenyewe haina mshahara. Unakaa vikao vya jioni, unapitia mahesabu ya shule, unabishana na wenzako juu ya paa linalovuja, kisha unarudi nyumbani saa nne usiku na chakula kimeshapoa. Tukaomba. Tukaletewa fomu.

Fomu ile ilituuliza kama tuna kampuni, na kama kampuni hiyo inaiuzia shule chochote, hata chaki. Ikauliza kama tuna ndugu, mke, mkwe au mbia anayefanya kazi pale. Ikauliza kama tumewahi kufilisika, kama tumewahi kufungwa, kama tumo katika bodi ya shule nyingine. Baada ya hapo rekodi zetu za polisi zikapekuliwa. Na tulipokubaliwa, majibu yetu kuhusu maslahi yetu yakawekwa kwenye tovuti ya shule, chini ya jina letu, ambako mzazi yeyote anaweza kuyasoma akiwa jikoni kwake.

Siku moja tukamsimulia hayo mwenzetu mmoja kwenye harusi. Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Injinia, yaani unavuliwa nguo zote hizo kwa kazi ya bure? Nyumbani mtu anakuwa mheshimiwa bila kuulizwa nusu ya hayo!" Na sisi tukacheka. Lakini tulipokuwa kwenye basi la usiku kicheko kikakatika, kwa sababu jamaa alikuwa amesema kweli, na ukweli ule haukuwa wa kuchekesha.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: masharti ya kuomba uongozi wa umma ni ya nini hasa? Yanamlinda nani? Na sisi tulioko nje, ambao kila mkutano tunalalamika kwamba tumefungiwa mlango wa siasa za nyumbani, tumejiandaa kuulizwa maswali gani siku mlango huo ukifunguliwa?

Jibu letu litawaudhi watu wa pande mbili, na tunaomba radhi mapema. Masharti ya nyumbani yanabana pale ambapo hayapaswi kubana, na yanaficha pale ambapo yanapaswa kuonyesha. Na sisi wa huku nje, tunaodai haki ya kuingia, hatujaonyesha kwamba tuko tayari kufungua madaftari yetu wenyewe.

Sisi tuandikao haya ni mhandisi. Ruhusuni mfano wa kazini. Kila lifti ina kibao kidogo cha chuma ndani yake: watu 8, kilo 630. Penye utaratibu mzuri utakuta pia imeandikwa ilikaguliwa lini. Abiria hajali chuma cha lifti ile kilichimbwa nchi gani, wala aliyeiunda ni mtoto wa nani. Anataka kujua inabeba kiasi gani na nani aliipima. Zaidi ya yote, kibao kile kiko ndani ya lifti, mbele ya macho ya anayepanda. Hakikufungiwa kwenye kabati ya fundi mkuu kwa maelezo kwamba kitaonyeshwa kwa yule tu atakayeleta ushahidi kuwa lifti imekwisha kuanguka.

Sasa tutazame nyumbani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, pamoja na mabadiliko yake, inasema anayetaka ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake. Anayetaka urais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, naye pia apendekezwe na chama. Limo pia sharti jingine ambalo watu wachache hulikumbuka: mgombea urais asiwe ametiwa hatiani na mahakama kwa kosa la kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu.

Sharti hilo la kodi tunalipigia makofi. Linauliza mtu alitenda nini. Lakini angalieni masharti mawili yanayokaa karibu yake, la chama na la kuzaliwa.

Sharti la chama lilipingwa mahakamani na marehemu Mchungaji Christopher Mtikila tangu miaka ya tisini. Alishinda Mahakama Kuu, Katiba ikabadilishwa ili ushindi wake usiwe na maana. Akashinda tena, Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ndani ya Tanzania hiyo hiyo, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama ile ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015. Uchaguzi wa 2015 ulipita, wa 2020 ukapita, na wa 2025 nao ukapita bila mgombea binafsi. Na Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu raia wake kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Kwa hiyo swali la kwanza analoulizwa Mtanzania anayetaka kuwatumikia wenzake ni hili: una kadi ya nani?

Sharti la kuzaliwa limetumika vibaya zaidi. Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka mwaka 2001, serikali ilipotangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia. Mtu huyu alikuwa ameshakuwa mkuu wa wilaya, ameshakuwa mbunge, na wakati ule alikuwa akiendesha kampuni ya magazeti ambayo hayakuwa yakiibembeleza serikali. Miaka yote aliyokuwa kiongozi hakuna aliyemuuliza wazazi wake walitoka wapi. Alipoanza kuandika yasiyopendeza ndipo swali likapata umuhimu. Hapo ndipo ubaya wa sharti la asili unapoonekana: linalala kabatini kama panga, na mwenye ufunguo wa kabati hulitoa siku anayotaka, dhidi ya mtu anayemtaka. Katika nchi zetu, ambazo mipaka yake ilichorwa Ulaya na kupita katikati ya mashamba ya watu, ni nani asiye na bibi mzaa bibi aliyezaliwa ng'ambo ya mto?

Tuje kwenye elimu. Hapa tutawaudhi wasomi wenzetu. Mara nyingi kwenye vikao vyetu vya huku husikika kauli kwamba sharti la kusoma na kuandika ni aibu, kwamba mbunge awe na shahada, na kwamba nchi ingeendeshwa na wenye shahada ingefika mbali. Sisi tunayo shahada, tuliipata ugenini kwa baridi na kwa kufagia ofisi za watu usiku, na hatukubaliani na kauli hiyo hata kidogo. Tumewaona wenye shahada wakisaini mikataba. Mama muuza samaki wa Feri anayejua bei ya mafuta ya boti, ushuru wa soko na ada ya shule anaweza kuuliza swali bungeni ambalo sisi na mahesabu yetu ya vyuma hatungeliwaza.

Kosa liko kwenye kudanganya. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Walikuwamo walimu, wauguzi, makarani, watu waliokuwa wamefanya kazi miaka ishirini. Hatuwatetei, cheti cha kughushi ni uongo. Lakini wale wenye vyeo vya kisiasa hawakuguswa na uhakiki ule. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba sharti lao ni kujua kusoma na kuandika tu, kwa hiyo hakuna cheti cha kuhakiki.

Tafakarini maelezo hayo, waungwana. Ni kweli mkuu wa wilaya halazimiki kuwa na cheti. Lakini kama alisema anacho, na hana, amedanganya, na uongo wake ni ule ule wa muuguzi. Sharti likiwa jepesi, ukweli haupaswi kuwa mwepesi. Ukisema umesoma mpaka darasa la saba, tutakupokea. Ukisema una shahada, tuonyeshe. Sheria iliyomwinamia mkubwa na kumkanyaga mdogo kwa kosa lile lile imewafundisha vijana wetu kwamba dawa ya kughushi ni kupanda cheo haraka kabla hujakaguliwa.

Na sasa tufike kwenye mali.

Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi miaka ya sabini mwishoni. Tuliimba Azimio la Arusha kabla hatujajua maana ya hisa. Azimio la mwaka 1967 lilimwambia kiongozi: usiwe na hisa katika kampuni yoyote, usiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, usipokee mishahara miwili, usiwe na nyumba ya kupangisha. Mtasema lilikuwa kali mno. Huenda. Lakini lilikuwa na sifa moja: jirani aliweza kulisimamia. Ukijenga nyumba na kuweka mpangaji, mtaa mzima uliona. Hakukuwa na haja ya ofisi.

Februari 1991, kule Zanzibar, chama kikayalegeza masharti hayo. Viongozi wakaruhusiwa kumiliki. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, iliyosema kwa ufupi: miliki, lakini utangaze. Kiongozi ajaze tamko la mali na madeni anapoingia, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mabadilishano haya yangeweza kuwa ya haki. Tumekuondolea katazo, nawe utuonyeshe. Ila upande wa pili wa mabadilishano haukutekelezwa. Tamko lenyewe linapelekwa kwa Kamishna wa Maadili na kuingizwa katika daftari. Na mwananchi anayetaka kuliona daftari lile, kama sheria ilivyotungwa, sharti awe amepeleka malalamiko kwanza, na Kamishna aridhike kwamba malalamiko hayo ni ya kweli na yana nia njema.

Sisi tumefanya kazi na mitambo zaidi ya miaka thelathini, lakini mtambo wa namna hii hatujauona. Ili uone, lazima uwe umelalamika. Ili ulalamike kwa ushahidi, lazima uwe umeona. Ni mlango ambao ufunguo wake umefungiwa ndani. Tunaambiwa ipo sheria ya kutangaza mali, na ipo kweli. Lakini kutangaza kwa Kiswahili tulichofundishwa ni kuwaambia watu. Kumnong'oneza mtu mmoja ofisini kuna jina lake jingine.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2008, na sisi tulioishi Uingereza tuliyaona karibu zaidi. Wapelelezi wa huku walikuwa wakichunguza biashara ya rada ambayo kampuni ya BAE Systems iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28. Aprili mwaka ule magazeti yakaandika kwamba katika uchunguzi huo imeonekana akaunti yenye zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey, mali ya Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu na kabla ya hapo Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwenyewe akasema fedha hizo hazina uhusiano na rada, na akaziita vijisenti, neno ambalo limeingia katika Kiswahili na halitoki leo. Akajiuzulu uwaziri. Hakushtakiwa kwa jambo hilo, na sisi hatumhukumu hapa.

Swali letu ni jingine kabisa. Huyu alikuwa kiongozi chini ya sheria ile ya 1995. Kila mwaka fomu ilikuwepo. Je, vijisenti vilikuwa vimeandikwa kwenye fomu? Kama vilikuwemo, basi mtu yule alionewa, na daftari lililofungwa ndilo lililomwonea, kwa sababu lingefunguliwa lingemsafisha siku ile ile. Kama havikuwemo, basi daftari lililofungwa lilimficha. Vyovyote vile, aliyeumia ni yule aliyenyimwa kuona. Watanzania milioni arobaini wakasubiri kuambiwa habari za waziri wao na gazeti la London.

Na ile BAE? Mwaka 2010 ilikiri mbele ya mahakama ya hapa London kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za mahesabu. Ikatozwa faini ya pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikapelekwa Tanzania, zikanunua vitabu na madawati. Mtoto wa Sumbawanga akakalia dawati lililopatikana kwa sababu karani wa ng'ambo alilazimika kuonyesha daftari lake. Daftari la nyumbani halijanunua hata kigoda.

Tunajua majibu yatakayokuja, maana tumeyasikia.

Jibu la kwanza: mkitangaza mali za watu, majambazi watajua pa kwenda. Lakini jambazi gani wa Dar es Salaam anayesubiri tovuti ili ajue nyumba ya mheshimiwa iko wapi? Anaiona ukuta wake kutoka barabarani. Asiyejua ni mlipa kodi.

Jibu la pili: ukitangaza una nyumba tatu, mashangazi wote watahamia. Hilo ni kweli, na tunawahurumia. Lakini mashangazi watahamia tu, kwa vile wao wanajua siku nyingi.

Jibu la tatu ni zito zaidi: watu wema watakataa uongozi wakiona wanavuliwa nguo. Wengine watakataa, ndiyo. Lakini Rais Mkapa alipoingia madarakani mwaka 1995 alitaja mali zake hadharani kwa hiari yake, na mbingu hazikuanguka. Ubaya ni kwamba hiari si sheria. Mtu mmoja akifanya kwa hiari, wa pili anaruhusiwa kutofanya, na kila mtu anaendelea kumsifu wa kwanza.

Jibu la nne: hata Wazungu wanaiba. Naam. Mwaka 2009 wabunge wa hapa walikutwa wakijilipisha kwa fedha za umma gharama za bustani na nyumba walizokuwa hawakai, na kadhaa wao wakafungwa jela. Masharti yao hayakushuka kutoka mbinguni pia. Kamati ya Jaji Nolan iliundwa mwaka 1994 kwa sababu wabunge walikuwa wameshikwa wakichukua fedha ili waulize maswali bungeni, na katika ripoti yake ya 1995 ndipo zikaandikwa zile kanuni saba za utumishi wa umma. Hatusemi watu wa huku ni malaika. Tunasema mwizi wa huku alishikwa kwa sababu lilikuwepo daftari la kudai, na wapo waliolidai mpaka likafunguka.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 2011 jirani zetu wa Kenya walimtafuta Jaji Mkuu kwa usaili wa hadharani, raia wakitazama kwenye televisheni. Dakta Willy Mutunga akaulizwa hadharani kila kitu, mpaka kipuli cha sikioni kwake. Swali lile lilikuwa la kipuuzi, lakini hata upuuzi wake uliulizwa mbele za watu, naye akajibu mbele za watu, akapata kazi. Kenya ina fisadi wake, hatubishi. Ila Mkenya anajua sura ya mtu akiulizwa.

Waungwana, tumesema ya nyumbani. Sasa tugeuze kiti, maana nyani haoni kundule.

Kila mwaka tunaandika barua za kudai uraia wa nchi mbili. Hoja zetu ni nzuri. Hapa Uingereza Mtanzania mwenye ruhusa ya kudumu ya ukaazi anaweza kugombea hata ubunge, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Yaani mwenzetu anaweza kugombea kiti cha Westminster akiwa na pasipoti ya Tanzania, lakini akichukua pasipoti ya Uingereza hawezi kugombea hata uenyekiti wa kijiji alikozikwa mama yake. Kenya wamefungua nusu ya mlango: Katiba yao ya 2010 inakubali uraia wa nchi mbili, lakini inamzuia mwenye nao kushika ofisi nyingi za Dola. Mwaka 2019 Bi. Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani, aliteuliwa kuwa balozi, na Bunge likamtaka aukane uraia wa Marekani kwanza. Ikabidi Mahakama Kuu iamue kwamba sharti hilo halimhusu balozi. Tanzania imechagua njia ya hadhi maalum, na hadhi hiyo haikusudiwi kumpa mtu haki ya kugombea.

Sisi tunaamini uraia wa pili uwe jambo la kutangaza na si la kuzuia. Mgombea aseme: nina pasipoti hii, nyumba hii London, mkopo huu benki hii. Wapiga kura waamue. Lakini tuwe wakweli. Ni wangapi kati yetu wana pasipoti mbili mfukoni, moja ya kupangia foleni Heathrow na nyingine ya kuepuka viza Dar es Salaam, wakati sheria inasema aliyechukua uraia mwingine akiwa mtu mzima amekwisha kuupoteza wa kwanza? Tunaiomba serikali ituamini kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeficha kitu mfukoni. Afisa uhamiaji anajua. Na siku tukimkera mkubwa, mkono ule wa kushoto ndio utakaoshikwa, kama alivyoshikwa Ulimwengu kwa asili yake.

Kisha jumuiya zetu. Katika jumuiya moja tuliyowahi kuwa wanachama, hatutaitaja, palikuwa na mfuko wa kuzikana. Kila familia ilichanga pauni kumi kwa mwezi. Mtu akifariki, mfuko ulilipa gharama za kumsafirisha mpaka nyumbani. Tulimchagua mweka hazina kwa kunyoosha mikono, kwa sababu alikuwa mcheshi na hakosi msibani. Hakuna aliyemuuliza lolote. Miaka minne baadaye tukaja kujua kwamba wakala aliyekuwa akisafirisha majeneza yetu yote alikuwa shemeji yake.

Hatukuwahi kuthibitisha kwamba hata pauni moja iliibwa. Labda shemeji yule alikuwa na bei nzuri kuliko wote. Lakini hakuna aliyetaka kusikia hesabu tena. Familia zikaanza kujitoa kimya kimya. Na alipofariki kijana mmoja, mtu wa Tanga, asiye na ndugu hapa, mfuko ulikuwa hautoshi. Mwili wake ulikaa chumba cha baridi wiki tano tukipitisha bakuli misikitini na makanisani, na mama yake akipiga simu kila Ijumaa kuuliza ni lini. Mweka hazina yule angesema siku ya kwanza, "Huyu ni shemeji yangu, mimi sitakaa kikao cha kumchagua wakala," tungempigia makofi. Mama yule asingepiga simu ile ya tano.

Kwa hiyo hatuombi mambo makubwa. Kwa nyumbani tunaomba mambo matatu. Kadi ya chama isiwe tiketi pekee ya kugombea, kama mahakama ilivyokwisha kuamua. Kila anachodai mgombea juu yake mwenyewe kihakikiwe, awe mhudumu au waziri. Na daftari la mali liwekwe mahali ambapo mlalamikaji na asiye mlalamikaji watalisoma. Kwa hapa tunaomba jambo moja, nalo linaweza kufanyika bila Bunge: kila anayegombea nafasi katika jumuiya yetu ajaze karatasi moja, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani wiki mbili kabla ya uchaguzi. Karatasi iseme biashara zake, ndugu zake wanaofanya biashara na jumuiya, madeni yake kwa jumuiya, na kama amewahi kushika mfuko mwingine na ulikwishaje.

Mtasema Injinia anawapangia wenzake. Haya, tutaanza sisi, kwa kuwa tumeombwa kugombea ukatibu mwaka huu.

Tuna nyumba moja hapa, bado miaka sita ya mkopo. Tuna kiwanja Kibaha chenye mgogoro wa mpaka. Tuna hisa ndogo katika kampuni ya mpwa wetu inayouza pampu za maji, na kampuni hiyo iliwahi kuuza pampu kwa mradi wa kisima uliochangiwa na jumuiya hii. Wakati ule hatukusema, na tulipaswa kusema. Tulichukua uraia wa Uingereza mwaka 2004, na kwa miaka mitatu baada ya hapo tuliendelea kusafiria pasipoti ya Tanzania, mpaka tulipoona haya na kuirudisha ubalozini. Hatujawahi kufungwa wala kufilisika. Pauni kumi za mfuko wa kuzikana tunadaiwa za miezi miwili, na tutazilipa Jumamosi.

Karatasi yetu itakuwa ukutani kabla ya mkutano mkuu, karibu na meza ya chai. Wenye maswali walete. Wenye karatasi zao walete pia.